Baharia wa Plains Aliyejifunza Kumuuliza Mkewe

Ukikaa msibani subiri pale inaposomwa historia ya marehemu. Kama ni mzee aliyekula chumvi nyingi, kuna sentensi lazima utaisikia: marehemu alikuwa mume mwema, baba mwema, mtu aliyeipenda sana familia yake. Watu wanatikisa vichwa kukubali, ratiba inasonga kwenye salamu za rambirambi, basi. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza: mwema kivipi? Huko ndani, Jumanne usiku, mvua inanyesha na ada ya shule haijalipwa, huyu mzee alikuwa anafanyaje?

Sio kwamba nabisha. Ila kwa sisi ambao bado tuko kwenye ndoa, au tunajiandaa kuingia, ile sentensi haitusaidii kitu. Ni sawa na kusimuliwa pilau ya harusi ambayo hukualikwa.

Ndiyo maana mwezi huu safu yetu inamkumbuka Jimmy Carter, rais wa 39 wa Marekani, aliyefariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Siasa zake tuwaachie wenye kurasa za siasa. Mimi ninayemtaka hapa ni yule askari wa majini, mume wa mtu na baba wa watoto wanne. Yeye na mkewe Rosalynn waliishi kwenye ndoa miaka 77, na hakuna rais mwingine wa Marekani aliyewahi kukaa na mke muda mrefu hivyo. Uzuri ni kwamba wote wawili waliandika vitabu, na humo wakayamwaga ya ndani bila kuyapaka rangi. Kwa hiyo tunajua mwema kivipi. Na tunajua pia kwamba mwanzoni hakuwa mwema kihivyo! Alifundishwa. Mwalimu alikuwa mkewe, na somo lenyewe halikuingia kwa siku moja.

Plains ni kijiji cha jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, nchi ya karanga na pamba. Mama yake Jimmy alikuwa nesi. Agosti 1927 alimsaidia jirani kujifungua mtoto wa kike, kisha akamchukua Jimmy, ambaye alikuwa hajafikisha miaka mitatu, kwenda kumwona mtoto mchanga. Mtoto mwenyewe ndiye Rosalynn. Yaani bwana harusi alimwona bibi harusi akiwa kwenye nepi! Wale wanaosubiri mapenzi ya kwenye sinema, haya ndiyo hayo.

Walipokua kila mtu alishika njia yake. Baba yake Rosalynn, fundi wa magari, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1940 binti akiwa na miaka 13. Rosalynn ndiye mkubwa, kwa hiyo akawa msaidizi wa mama katika kulea wadogo zake huku mama akishona nguo za watu. Jimmy alikwenda chuo cha maofisa wa Jeshi la Majini kule Annapolis. Rosalynn alikuwa rafiki wa dada yake Jimmy, na chumbani kwa dada mtu kulikuwa na picha ya kaka amevaa sare. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba alianza kuipenda ile picha. (Dada zangu, tusijidanganye, sare ina mambo yake.) Mwaka 1945 kijana akaja likizo, wakatoka kwenda sinema, na asubuhi yake Jimmy akamwambia mama yake kwamba yule ndiye atakayemuoa.

Alipomposa, binti akakataa. Alikuwa amemwahidi baba yake kabla hajafa kwamba atamaliza chuo kwanza. Jimmy hakununa wala hakutafuta mwingine wa kumkomoa, alisubiri. Wakafunga ndoa tarehe 7 Julai 1946, mwezi mmoja tu baada ya yeye kuhitimu. Bwana miaka 21, bibi 18.

Hapo ndipo maisha ya jeshi yalipoanza. Siku hizi vijana wa mjini wanaitana mabaharia kila kona, lakini huyu alikuwa baharia kweli. Akawa ofisa kwenye nyambizi, zile manowari zinazozama chini ya bahari. Kuna usiku katika Pasifiki nyambizi yake, USS Pomfret, ilikuwa juu ya maji na tufani likavuma. Jimmy alikuwa zamu nje, wimbi likamzoa mahali aliposimama. Kilichomwokoa ni mzinga uliofungwa upande wa nyuma wa sitaha: wimbi lilimtupa pale, akaukumbatia. Lingemsukuma pembeni kidogo tu, leo tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Mwaka 1952 yakaja mengine. Kinu cha nyuklia cha Chalk River nchini Kanada kilipata ajali, na Carter, akiwa na miaka 28, akaongoza kikosi cha Wamarekani kwenda kusaidia kukifungua. Mionzi ilikuwa kali mno, kiasi kwamba mtu mmoja aliruhusiwa kukaa ndani kama dakika moja na nusu tu. Kwa hiyo walitengeneza mfano wa kinu juu ya uwanja wa tenisi, wakajifunza pale nani anafungua nati ipi, kisha wanaingia mbio, wanafungua, wanatoka. Kwa miezi baadaye mkojo wake ulipopimwa ulikuwa bado una mionzi.

Sasa, yote haya yakitokea, Rosalynn alikuwa wapi? Nyumbani, mbali na kwao, na mtoto mgongoni. Jack alizaliwa Virginia mwaka 1947, Chip akazaliwa Hawaii mwaka 1950, Jeff akazaliwa Connecticut mwaka 1952. Ukiyaangalia majimbo tu unaona jinsi walivyokuwa wanahamahama. Kule Virginia mume alikuwa baharini siku nyingi za wiki. Msichana wa miaka 19 au 20 aliyetoka kijijini akajikuta yeye ndiye analipa bili, anamwita fundi bomba, anampeleka mtoto hospitali. Alilia, halafu akazoea. Na baada ya kuzoea akayapenda hayo maisha, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa mtu mzima anayejitegemea, hana mama wala mama mkwe juu yake.

Hiki kipande kishike vizuri, kwa sababu ndicho kinacholeta balaa lililofuata.

Julai 1953 baba yake Jimmy alifariki kwa saratani ya kongosho. Jimmy alikuwa amepewa ruhusa kwenda kumuuguza, na alichokiona kwenye kile kitanda kilimtikisa. Watu walikuwa wanamiminika, weusi kwa weupe, kila mmoja na habari ya jambo ambalo mzee alimtendea kimyakimya: huyu alikopeshwa, yule alisaidiwa, mwingine mtoto wake alinunuliwa nguo. Akajiuliza kama yeye, pamoja na nyambizi zake zote, angekufa leo nani angekuja. Ni swali zuri sana. Akafikia uamuzi: anaacha jeshi, anarudi Plains kushika shamba na biashara ya karanga.

Uamuzi ulikuwa wa kiume, wa heshima, wa mtoto anayemuenzi baba yake. Una kasoro moja tu. Hakumuuliza mke.

Rosalynn alikuja juu. Alilia, alipiga kelele, aligoma. Yeye hakuolewa na mkulima wa Plains, aliolewa na ofisa wa majini, na kule kijijini alijua fika kinachomsubiri: kuwa mtoto wa mama na mkwe wa mama mkwe. Jimmy hakubadili msimamo. Wakapakia gari kutoka jimbo la New York kwenda Georgia, na hiyo ni safari ndefu kwelikweli. Njia nzima mama hakumsemesha baba. Akitaka kwenda msalani alimwambia Jack, mtoto wa miaka sita, amwambie baba yake asimamishe gari! Mzee Carter mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimulia hilo uzeeni, na mimi kila nikilisoma nacheka, kisha nanyamaza. Mtoto wa miaka sita kufanywa posta kati ya watu wazima wawili waliokaa siti moja. Wangapi wetu tulikuwa Jack?

Niwaambie ukweli, kati ya mambo yanayofika kwenye meza ya safu hii, hili halikosekani. Sizungumzii nyumba ndogo, ingawa hizo nazo zipo. Nazungumzia mume aliyeuza kiwanja Kigamboni, mke akaja kuambiwa na jirani. Mwingine aliacha kazi ya benki akaenda kulima matikiti, mke akajua siku mshahara haukuingia. Kina dada nao wamo: kuna anayechukua mkopo wa kikundi kwa siri, mume anakuja kushtuka siku wanachama wanapobeba sofa. Ukiwauliza watakwambia walifanya kwa ajili ya familia. Na wengi wao hawadanganyi. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu Carter naye hakudanganya. Ukiipenda familia kwa moyo wote unaweza bado kuibeba kama gunia, hujali limefungwa wapi wala linaumia wapi.

Walipofika Plains mambo hayakuwa mepesi. Walipanga nyumba za serikali zilizojengwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Ukame wa 1954 ukaunguza mashamba, na faida ya mwaka mzima haikufika dola 300. Ghala la karanga na mbolea lilikuwa na mtu mmoja, Jimmy, anauza, anapakia, anaandika. Ndipo akamwomba mkewe aje kukaa ofisini angalau kupokea simu. Rosalynn akaanza na simu, akahamia kwenye daftari za hesabu, na baada ya miaka michache alikuwa anaijua biashara kuliko mwenye biashara. Akawa anamwambia hapa tunapata hasara, huyu asikopeshwe tena, mzigo huu tuache. Na Jimmy akawa anasikiliza, maana namba zilikuwa upande wa mama.

Ungedhani amekoma. Thubutu! Tarehe 1 Oktoba 1962, siku anatimiza miaka 38, aliamka akavaa suruali yake ya kanisani badala ya nguo za ghalani. Mke akamuuliza kama kuna msiba. Akajibu hapana, anakwenda mjini kutangaza kwamba anagombea Seneti ya jimbo. Ndiyo kwanza mke anasikia! Bahati yake safari hii mama alilipenda wazo. Miaka ya baadaye Carter alikuwa akisema hawezi kuelewa ilikuwaje akathubutu, na kwamba jambo kama hilo asingelifanya tena bila kumshirikisha.

Mimi naamini hapo, kati ya ghala na siasa, ndipo mume alipozaliwa. Hakuna muujiza uliotokea. Alikuwa amemzoea mke kama mshirika wa kazi, na mshirika wa kazi humwachi nje ya hesabu. Kampeni ya urais ya 1976 walishaligawana hilo zoezi: Jimmy njia yake, Rosalynn njia yake. Mama alikuwa anaendesha gari na rafiki yake kwenye miji midogo ya Florida, wakiona mnara wa redio wanakata kona, wanaingia na kuomba ahojiwe. Kwa kuwa watangazaji wengine hawakujua wamuulize nini, alikuwa anatembea na maswali yake mwenyewe kwenye karatasi.

Ikulu nako akawa anahudhuria vikao vya Baraza la Mawaziri, kitu kilichowakera wengi. Ila ninachokipenda mimi ni chakula cha mchana. Rosalynn alikuwa na tabia ya kumvamia mume na maswali ya kazi mara tu anapopanda kutoka ofisini jioni, hata hajavua koti. Jimmy akapendekeza wapange siku moja kila wiki, wale pamoja mchana wawili tu, naye aje na faili lake. Rais wa taifa kubwa duniani anamtengea mkewe kikao kwenye diari! Kuna wapenzi wanaoshindwa kupata hata nusu saa bila simu mkononi.

Mwaka 1980 akashindwa uchaguzi. Januari 1981 wakarudi Plains, kwenye nyumba ileile waliyoijenga mwaka 1961, nyumba ya kawaida kabisa, na biashara ya karanga waliyoiacha kwa wasimamizi walikuta ina deni la dola zipatazo milioni moja. Yeye alijitahidi kupokea. Mke ndiye aliyeumia zaidi na hakuficha. Wasaidizi wake walimuaga kwa kumpa vifaa vya useremala, akawa anashinda kwenye karakana anatengeneza viti na meza. Kama una mzee wako aliyestaafu na anakusumbua nyumbani, hilo wazo lichukue.

Ugomvi haukuisha uzeeni, usije ukadhani. Waliamua kuandika kitabu pamoja, Everything to Gain, kilichotoka mwaka 1987, na kile kitabu karibu kivunje ndoa. Jimmy alikuwa anaandika haraka, na kilichotoka kimetoka. Rosalynn alikuwa anaandika polepole, akibadilishiwa neno ni vita. Kila mmoja alikumbuka matukio kivyake. Ikafika mahali hawaongei, wanaandikiana vibarua wakiwa chini ya paa moja. Mchapishaji wao akaja na suluhu: sehemu ambazo hawakubaliani zigawanywe, kila mtu aandike yake, aya ziwekewe alama ya J au R. Ukikikuta leo zimo humohumo. Hawakulazimishana kukubaliana, na kitabu kikatoka.

Halafu kuna lile la saa. Jeshi lilimtoa Carter kwenye mwili, halikumtoka kichwani: kwake dakika tano za kuchelewa zilikuwa dhambi. Rosalynn hakuwa mchelewaji wa kutisha, lakini ndoa nzima alikuwa ananung'unikiwa kuhusu muda. Mwaka mmoja, siku ya kuzaliwa ya mkewe, mzee akagundua hajanunua zawadi. Akafikiri, akachukua karatasi akaandika ahadi kwamba hatamsema tena mke kwa kuchelewa. Haikumgharimu senti, na Rosalynn aliihesabu miongoni mwa zawadi bora alizowahi kupewa. Jamani, kina kaka, maua ni mazuri, lakini kila mmoja wenu analijua jambo lake moja ambalo akiliacha mwenzake atapumua.

Walikuwa na taratibu zao. Hawakulala na hasira. Kama wamegombana watakaa macho mpaka yaishe. Kila usiku walisomeana Biblia kwa zamu, tena kwa Kihispania ili lugha isiwapotee, na mmoja akisafiri kila mtu alisoma mlango uleule alipo. Walijifunza vitu pamoja wakiwa watu wazima: kuteleza kwenye theluji, kuvua samaki, kuangalia ndege. Kuanzia 1984 walikuwa wanakwenda kujenga nyumba za watu wasio na uwezo kupitia Habitat for Humanity, yeye na nyundo, mama na nyundo. Oktoba 2019 mzee wa miaka 95 alianguka nyumbani, akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho, na muda mfupi tu baadaye alikuwa Nashville kwenye ujenzi, jicho limevimba. Mke yupo pembeni.

Februari 2023 familia ilitangaza kwamba amesitisha matibabu ya hospitali, atapewa tiba shufaa nyumbani. Dunia ikaanza kuandaa tanzia. Mei ikatangazwa kwamba Rosalynn ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Na aliyetangulia ni mama, tarehe 19 Novemba 2023, akiwa na miaka 96. Kwenye ibada ya kumuaga kule Atlanta, Carter aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amedhoofu, amefunikwa blanketi lenye picha yao wawili. Binti yao Amy alisimama akasema baba hawezi kuzungumza, kwa hiyo atasoma barua ambayo baba alimwandikia mama miaka 75 nyuma akiwa jeshini. Fikiria: barua ya kijana wa nyambizi, akimweleza mkewe kwamba kila anapomwona anampenda upya, inasomwa mbele ya yule kijana mwenyewe, ana miaka 99, na aliyeandikiwa yuko kwenye jeneza.

Aliishi mwaka mmoja zaidi bila yeye. Januari 2025 jeshi lake lilimuaga kwa heshima zote. Jeneza lilivutwa na farasi kutoka kwenye mnara wa kumbukumbu wa Jeshi la Majini hadi Bunge la Marekani, na marais wote waliokuwa hai walikaa kanisani tarehe 9 Januari. Mjukuu wake Jason hakusimulia urais sana. Alisimulia nyumba ya Plains: simu ya ukutani yenye waya, na pale karibu na sinki, kichanja cha kuanikia mifuko ya plastiki iliyooshwa ili itumike tena. Ukumbi ulicheka. Mimi nilimkumbuka kila bibi ninayemjua.

Jioni hiyohiyo walimrudisha Plains. Ndege za Jeshi la Majini zikapita angani, kisha akazikwa kwenye uwanja wa nyumba ile ya 1961, karibu na bwawa, pembeni ya Rosalynn, mahali walipokuwa wamepachagua wote wawili.

Tukutane mwezi ujao.